Kabla Mpangaji Hajatoa Amana



Mazungumzo ya leo yanahusu nyumba za kupanga kwenye majengo ya ghorofa. Nyumba huchunguzwa kabla ya pesa kutoka mfukoni. Amana na kodi ya mwezi wa kwanza zikishalipwa, mpangaji hana tena nguvu ya kujadiliana.

Kwanza, maji. Visima vingi mjini Mombasa hutoa maji ya chumvi, ambayo hayafai kunywa. Mpangaji afungue kila mfereji, ayaonje maji, na aulize majirani maji ya bomba huja siku gani. Nyumba ya kodi nafuu huwa ghali ikiwa kila siku lazima anunue mitungi.

Pili, umeme. Athibitishe kwamba nyumba ina mita yake ya tokeni. Mita ikiwa ni ya pamoja, aulize gharama hugawanywaje.

Tatu, usalama wa jengo. Atazame nguzo kama zina nyufa, na kuta kama zinavuja. Aulize kama jengo limewahi kuwekewa alama ya kubomolewa. Mnamo Aprili 2016, jengo la ghorofa mtaani Huruma, Nairobi, liliporomoka usiku wakati wa mvua kubwa. Lilikuwa limeorodheshwa libomolewe, lakini bado lilikuwa na wapangaji. Zaidi ya watu 40 walifariki. Hakuna kodi nafuu inayofidia hatari hiyo.

Nne, pesa. Mpangaji asitume hata shilingi kwa simu kwa ajili ya nyumba ambayo hajaingia. Dalali akimharakisha kwamba wapo wengine wanaoingojea, hiyo ni sababu ya kutulia. Awaulize wapangaji wa jengo hilo kodi humlipa nani, kisha alinganishe jina hilo na lile la anayedai amana.

Tano, maandishi. Mkataba utaje kodi, amana na masharti ya kuirudisha, muda wa notisi, na anayegharamia ukarabati. Kila malipo yawe na risiti. Siku ya kuingia, apige picha za kila kasoro iliyopo, asije akakatwa amana kwa ufa alioukuta.

Ikiwezekana, airudie nyumba hiyo usiku, au baada ya mvua. Ndipo atakapoona njia inayojaa maji, ngazi zisizo na taa na lango lisilofungwa.