MTAMBO WA KUCHUJA MAJI: TUUELEWE KABLA YA KUCHANGA
(Maelezo ya Katibu katika mkutano wa wanachama wa ushirika)



Tumeletewa shauri la kuchanga fedha tununue mtambo wa kuchuja maji ya kisima chetu kirefu. Wapo wanaosema tununue kesho, wapo wanaosema ni kutupa hela. Nimetakiwa nieleze, ili kila mwanachama apige kura akijua anachopigia.

Ubaya wa maji yetu siyo tope. Ni floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, Arusha na Manyara zikiwamo. Ikizidi, meno ya watoto hugeuka rangi ya kahawia. Ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa hukakamaa na miguu hupinda. Shirika la Afya Duniani linashauri isipite miligramu 1.5 kwa lita.

Akina mama, hapa nisikilizeni. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi haiondoki. Maji yakipungua sufuriani yenyewe inabaki, basi ndiyo yanazidi ukali. Kitambaa nacho hakiizuii, maana imeyeyuka kama chumvi kwenye mchuzi.

Mtambo huu unafanyaje? Ndani ya bomba mna utando mwembamba uliokunjwa kama mkeka. Pampu inasukuma maji kwa presha kubwa, mara nne, tano au zaidi kuliko ya tairi la gari. Maji yanapenya, chumvi na floraidi karibu yote inazuiwa. Siyo uganga. Utando wa namna hii ulitengenezwa na Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1965 ulianza kusafisha maji katika mji mdogo wa Coalinga, Marekani, ambako zamani maji ya kunywa yaliletwa kwa treni.

Sasa tufanye hesabu, tuliosoma kisomo cha watu wazima tusaidiane. Tuseme maji yana floraidi miligramu 6 kwa lita. Tunaingiza lita 1,000, tunapata lita 600 safi. Lita 400 zinabaki, na karibu floraidi yote imo humo. 6 mara 1,000 ni 6,000. Gawa kwa 400, ni 15. Maji ya makapi yatakuwa na miligramu karibu 15 kwa lita! Hayo asinywe mtu, asinywe ng'ombe, wala yasimwagwe karibu na kisima.

Jambo jingine: mtambo ni kama ng'ombe wa maziwa, usipomtunza hakupi kitu. Unataka umeme kila siku. Utando unaziba kwa chokaa na uchafu, lazima uoshwe kwa dawa yake. Tando nyingi huharibiwa na klorini, kwa hiyo mtu asitie dawa ya maji bila kumwuliza fundi. Hata ukitunzwa, baada ya miaka michache unabadilishwa, na huo ni mchango mwingine.

Ipo pia njia ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, iliyofanyiwa utafiti katika kituo cha Ngurdoto, Arusha. Haihitaji umeme, ila mkaa ukichoka lazima ubadilishwe, na kwa macho huwezi kujua kama umechoka. Unapima.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi moja, muuzaji atujibu haya kwa maandishi:

1. Maji yetu yamepimwa maabara? Floraidi kiasi gani?
2. Katika lita 1,000, safi ni ngapi na makapi ni ngapi?
3. Makapi yatakwenda wapi?
4. Umeme kwa mwezi ni shilingi ngapi?
5. Utando mpya ni bei gani, na unapatikana wapi?
6. Nani kati yetu atafundishwa ufundi?

Akijibu vizuri, mimi nitakuwa wa kwanza kuchanga. Akibabaika, tusione haya kumwambia arudi siku nyingine. Na tukinunua, liwepo daftari la kuandika presha na lita kila asubuhi, liwekwe wazi kila mwanachama alisome. Mashine nyingi hufa kwa kukosa mtu wa kuziangalia, siyo kwa ubovu.

Meno ya watoto wetu yakishaharibika hayarudi. Lakini fedha ya ushirika nayo ikipotea, jamani, hairudi upesi. Tuvilinde vyote viwili.