Gia Inayoruka Haizoeleki: Mazungumzo na Madereva wa Pikapu wa Mpaka wa Suam

Leo hatukuja kuzungumzia wizi wa mifugo wala magendo. Tumekuja kuzungumzia pikapu zetu kuukuu, na hasa giaboksi zake.

Huenda mtu akauliza, polisi na giaboksi wapi na wapi? Jibu tulilipata kwenye mteremko mmoja wa barabara ya Kapchorwa kuelekea hapa Suam. Tulisimamisha pikapu iliyojaa viazi na kabichi, abiria watatu wakiwa wameketi juu ya magunia. Ndani, utingo alikuwa ameushika mkono wa gia kwa mikono yake miwili. Tulipouliza sababu, dereva alitujibu bila kusita kwamba gia ya tatu ina tabia ya kuruka, ila wao wameshaizoea.

Ndugu zetu, gia inayoruka haizoeleki. Gari linaposhuka mlima likiwa katika gia, injini husaidia kulizuia. Gia ikichomoka, msaada huo hukatika papo hapo na mzigo wote huziangukia breki. Breki zikibanwa mfululizo hupata moto, na zikishapata moto hupoteza nguvu. Kurudisha gia wakati gari limeshika kasi ni kazi ngumu, na mara nyingi haiwezekani kabisa. Hali ni hiyo hiyo kwa dereva anayeweka nyutro kwa hiari yake ili kuokoa mafuta. Anaokoa kikombe kimoja cha dizeli na kuweka rehani roho za watu walio juu ya magunia.

Pikapu ile hatukuiruhusu kuendelea. Mzigo ulihamishiwa gari jingine, abiria wakashuka, soko la siku ile likawapita. Dereva alitukasirikia, nasi tulimwelewa, kwani viazi vile vilikuwa ada ya shule ya watoto. Fundi alipoingia chini ya gari, alikuta raba inayoishikilia giaboksi imekatika. Giaboksi ilikuwa ikicheza kila gari lilipobadili nguvu, na kucheza huko ndiko kulikoichomoa gia. Hapakuwa na haja ya kufungua giaboksi, wala ya kununua nyingine. Raba moja ilibadilishwa, ugonjwa ukaisha.

Ndiyo maana tunasema: tambueni ugonjwa kabla ya kuuzoea, na kabla ya kuununulia dawa isiyo yake. Dalili ya mvua ni mawingu. Mafundi tuliokaa nao wametufundisha majaribio machache ambayo dereva yeyote anaweza kuyafanya bila kufungua hata nati moja. Yafanyeni mahali tambarare, magurudumu yawekewe mawe, breki ya mkono ivutwe, na mtu asisimame mbele wala nyuma ya gari.

La kwanza, zimeni injini, kanyageni klachi, kisha pitisheni gia zote moja baada ya nyingine. Halafu washeni injini mrudie. Ikiwa gia huingia vizuri injini ikiwa imezimwa, lakini hukataa ikiwa inanguruma, basi msiilaumu giaboksi. Klachi ndiyo haiachii. Anzeni kwa kutazama kopo la oili ya klachi: je, imepungua? Tazameni pia chini ya kanyagio na ubavuni mwa giaboksi kama pana unyevunyevu wa oili inayovuja. Lakini ikiwa gia ni ngumu hata injini ikiwa imezimwa, tatizo liko kwenye mkono wa gia na viungo vyake, au ndani ya giaboksi yenyewe.

La pili ni la masikio. Acheni injini ingurume polepole, gia ikiwa nyutro na mguu ukiwa mbali na klachi. Mkisikia mvumo unaonyamaza mnapokanyaga klachi, beringi ya shimoni linaloingiza nguvu ndani ya giaboksi inachakaa. Mlio ukianza pale mnapokanyaga, beringi ya klachi ndiyo inayolalamika. Sauti mbili, sehemu mbili, na gharama mbili tofauti.

La tatu ni la klachi inayoteleza. Breki ya mkono ikiwa imeshika imara, wekeni gia ya tatu, ongezeni mafuta kidogo, kisha iachieni klachi taratibu. Klachi nzima huizima injini mara moja. Injini ikiendelea kunguruma huku gari limesimama, pleti ya klachi imekwisha au imepata oili. Fanyeni hivyo mara moja tu, kwa maana kurudiarudia huiunguza. Barabarani mtaitambua hali hii mlimani: injini hupiga kelele lakini mwendo hauongezeki, na harufu ya kuungua huingia ndani. Gari la namna hiyo lisipakiwe mzigo kupanda mlima wetu huu wa Elgon.

La nne ni la mwendoni, gari likiwa tupu na barabara ikiwa wazi. Gia moja tu ikisaga inapoingia, na mara nyingi huwa ya pili, pete ya shaba inayolinganisha mwendo wa meno ya gia hiyo imelika. Zikisaga zote, rudini kwenye klachi au kwenye oili ya giaboksi. Rivasi ikisaga kidogo msiogope upesi. Katika pikapu nyingi kuukuu haina pete hiyo, nayo hutaka gari lisimame kabisa, klachi ikanyagwe, na mngoje kidogo kabla ya kuiingiza. Gia ikiruka, anzeni na raba za injini na giaboksi, kwa kuwa ni rahisi kuonekana. Raba zikiwa nzima, ndipo fundi afungue kutafuta springi iliyolegea, uma wa gia uliochakaa au meno yaliyolika.

Kuhusu oili, gari likiwa tambarare fundi afungue nati ya kujazia iliyo ubavuni mwa giaboksi. Oili inapaswa kufika kwenye ukingo wa chini wa tundu hilo. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, jambo linaloweza kutokea baada ya kuvuka mito. Ikiwa na vipande vya chuma, kuna kitu kinachosagika ndani. Wala msijaze oili yoyote ile, kwani baadhi ya oili za difu huziharibu pete za shaba. Fuateni kitabu cha gari.

Iwapo italazimu kununua giaboksi iliyotumika, iwe upande huu au upande wa Kitale, dai risiti yenye jina la muuzaji, tarehe na maelezo ya gari ilikotolewa. Bei ya kutupa bila karatasi ni dalili ya mali ya wizi, na mnunuzi hujikuta akijibu maswali ambayo hakuyatarajia.

Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya mwaka 1998 inakataza kuendesha gari lenye ubovu wa hatari. Tutaisimamia bila upendeleo. Hata hivyo, furaha yetu si kuandika makosa. Dereva anayekuja kutuuliza kabla ya safari hatumhesabu kuwa mkosaji, bali mwenzetu katika kulinda uhai.

Nanyi abiria, na akina mama wenye mizigo, mnayo sauti. Mkiona mkono wa gia umefungwa kwa mpira, au utingo anaushikilia, shukeni kabla ya mteremko. Kisha mwambieni mwenyekiti wenu wa LC1, au tupigieni kwa 999 au 112. Mtu aliyechelewa soko hurudi wiki ijayo akiwa na viazi vyake.