Mafuta Hayatoki kwa Jasho

Mazungumzo ya mfasiri wa jamii mbele ya familia zinazosema Kiswahili nchini Uingereza, kuhusu mazoezi ya vipindi kwa watu wazima wenye uzito uliozidi.

 

Kazi yangu ni kufasiri. Nilipopewa kipeperushi cha mazoezi nikitie katika Kiswahili, nilikwama katika maneno mawili: kuchoma mafuta. Msikiaji hudhani kuwa mafuta ya tumboni huyeyuka kama samli kaangoni, yakatoka kwa jasho. Ndiyo sababu wapo wanaojifunga nailoni kiunoni wakikimbia. Jasho ni maji. Ukinywa bilauri mbili, uzito uliopungua umerudi. Mafuta yanapotumika mwilini, sehemu kubwa hutoka kwa pumzi, na iliyobaki hugeuka maji. Basi tusilipime zoezi kwa nguo zilizolowa.

Mazoezi ya vipindi ni haya: unakwenda kasi kwa muda mfupi, unapunguza mwendo upate kupumua, kisha unarudia. Wengi wameambiwa kuwa njia hii hukata kitambi kuliko nyingine zote. Tafiti hazisemi hivyo. Watu wenye uzito uliozidi waliofanya vipindi, na wenzao waliofanya mazoezi ya mwendo mmoja kwa muda mrefu zaidi, walipunguza mafuta kwa viwango vinavyokaribiana. Faida ya vipindi ni kuokoa wakati na kuutia moyo nguvu. Nasi tunaotoka kazi za usiku katika nyumba za wazee, maghala na teksi, kwetu dakika ni mali.

Mimi mwenyewe nilikosea. Miaka mitatu iliyopita muuguzi aliniambia kuwa sukari yangu imekaribia kiwango cha kisukari. Kesho yake nikaingia bustanini nikakimbia kama kijana. Goti likavimba, na kwa wiki tatu nikawa napanda ngazi za nyumbani kwa kushika ukuta. Nilitaka kulipa deni la miaka ishirini kwa asubuhi moja.

Kilichonifaa ni mwendo uliojaribiwa na watu wa makamo na wazee huko Matsumoto, Japani, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2007. Tembea pole dakika 3, kisha kwa kasi dakika 3. Rudia mara 5, siku 4 au zaidi kwa wiki. Baada ya miezi 5 mapaja yao yalipata nguvu, pumzi zao zikaongezeka, na shinikizo la damu likashuka. Hakuna aliyetakiwa kukimbia. Anzeni na mizunguko 2, mkaongeze taratibu. Wakati wa kasi, mtu aweze kusema maneno machache tu kabla ya kuvuta pumzi. Asiyependa kutoka peke yake gizani na apande na kushuka ngazi za ndani, au atembee na jirani. Katika Ramadhani, tembeeni baada ya futari.

Mwenye maradhi ya moyo, presha isiyotulia, ujauzito, au anayetumia insulini au vidonge vya kisukari, aulize kwanza kwa daktari wake. Ukipata maumivu ya kifua, simama; yasipokoma, piga 999 bila kuona haya.

Wala tusiisahau sahani. Nusu saa ya mwendo hurudishwa yote na mandazi mawili na kikombe cha chai yenye sukari nyingi. Sisemi tuache vyakula vya kwetu. Nasema wali upungue, mboga na maharage viongezeke.

Mwisho, pimeni kwa uzi. Kata uzi wenye urefu sawa na kimo chako, ukunje mara mbili, uzungushe kiunoni. Ncha zikikutana, vema. Zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya kimo, na hatari ya kisukari na maradhi ya moyo imeongezeka. Kwa walio Uingereza hapa upande wa England, wenye umri wa miaka 40 hadi 74 ambao hawana maradhi hayo, upo uchunguzi wa afya wa bure kila miaka 5. Ulizeni kwa daktari wenu.

Uzi wangu ulipungukiwa vidole vinne. Leo umepungukiwa kimoja. Bado natembea.