Mkutubi wa Kesho Afunzwe Kuuliza: Hii Imetoka Wapi?

Hotuba kwa wanafunzi wa ukutubi na wakazi, Kahawa Wendani

 

Nitaanza na kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa zamu maktabani, kijana alinijia na fomu ya kazi aliyotumiwa kwa WhatsApp. Ilikuwa na nembo, muhuri na sahihi. Nilimsaidia kuijaza, nikamchapishia, nikaskani kitambulisho chake. Jioni hiyo alituma shilingi 1,800 za "usajili" kwa nambari iliyoandikwa chini ya fomu. Kazi haikuwapo, na pesa zile alikuwa amezikopa kwa mamake. Mashine niliijua vizuri. Swali moja tu ndilo sikuuliza: hii imetoka wapi?

Ndiyo sababu nazungumza nanyi mnaosomea ukutubi, wengine wenu hapo kwa jirani zetu, Chuo Kikuu cha Kenyatta. Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki ilipoanzishwa Makerere mwaka 1963, vitabu vilikuwa haba. Kazi ya mkutubi ilikuwa kuvipanga na kuvitunza. Kitabu kilipofika kwenye rafu, tayari kilikuwa kimepitia mikono ya mhariri na mchapishaji. Leo mgeni huingia maktabani na habari mfukoni mwake, na habari hiyo haikupitia kwa yeyote. Anayeweza kumsaidia kuipima ni wewe uliyeketi pale mezani.

Je, ujuzi huo unafunzwaje? Haufunzwi kwa kukariri maana ya maneno. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, waliwapa tovuti za kupima wanahistoria, wanafunzi wa chuo hicho na watu ambao kazi yao ni kuchunguza ukweli wa habari. Wasomi wengi walibaki ndani ya tovuti, wakaisoma kwa makini, wakavutiwa na nembo na lugha nzuri. Wachunguzi waliiacha upesi, wakafungua kurasa nyingine kuona wengine wanasema nini juu yake. Wao ndio waliopata jibu sahihi, tena kwa muda mfupi. Muhuri hauwezi kujitolea ushahidi wenyewe.

Kwa hivyo darasa la ukutubi lianze na jumbe halisi zinazozunguka katika simu zetu. Chukueni tangazo la kazi ya kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 66, inaitaka Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti kutangaza nafasi za kazi kwa njia zitakazowafikia watu wengi iwezekanavyo. Basi mwanafunzi aiache ile fomu, aende kwenye tovuti ya bodi au afike ofisini, aone kama nafasi ipo. Anayekuomba pesa ili akupe kazi ya umma ni tapeli au mla rushwa.

Chukueni picha ya mafuriko inayosemekana ni ya asubuhi hii Barabara Kuu ya Thika. Mwanafunzi aitafute picha hiyo kwenye intaneti kwa kutumia picha yenyewe. Mara nyingi ataikuta ilipigwa miaka iliyopita, pengine nchi nyingine.

Lakini tahadhari: kushuku kila kitu si elimu. Mzazi akikataa chanjo kwa kuwa "mambo yote ya mtandaoni ni uongo", tumemwangusha. Mkutubi amwonyeshe pia pa kuamini na jinsi ya kudai majibu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari kutoka ofisi ya umma, kwa Kiswahili au Kiingereza, na kwa kawaida ajibiwe ndani ya siku 21. Mkutubi asiyejua kumsaidia mkazi kuandika barua hiyo bado hajahitimu.

Kuna jambo la tatu, nalo ni siri za watu. Mama anapoingia eCitizen kwa kompyuta ya maktaba, anaacha nambari ya kitambulisho na pengine nywila. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatutaka kulinda habari hizo. Mfunzeni atoke kwenye akaunti kabla ya kuinuka. Nakala ya kitambulisho mliyoskani, ifuteni akiwa anaona.

Na heshima isikosekane. Usimwambie mzee, "Umedanganywa." Mwambie, "Mzee, hebu tuitazame pamoja." Simu ibaki mkononi mwake, abonyeze mwenyewe. Ukimfanyia kila kitu, atarudi kesho na swali lile lile. Akijifunza, atamfunza jirani na wajukuu.

Wakazi wenzangu, Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Ni mali yenu. Katika vikao vya kutoa maoni kuhusu bajeti, msiombe kompyuta peke yake. Ombeni pia mtu aliyefunzwa wa kuketi kando ya kompyuta hizo. Na ujumbe ukikufikia unaotaka pesa au kitambulisho chako, uulize kwanza umetoka wapi. Ukikosa wa kukusaidia kupata jibu, njoo maktabani kabla hujatuma.

Yule kijana alirudi kuniona baadaye, na hakunilaumu. Alisema tu, "Nilidhani ukinichapishia, basi ni ya kweli." Imani hiyo watu watakuwa nayo kwenu pia. Itunzeni.