Kompyuta ya Chama Inapogeuka Buluu: Wajibu wa Katibu na Haki ya Mwanachama

(Maelezo yaliyotolewa kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani daftari hilo lilikuwa la karatasi, likifungiwa kabatini na ufunguo ukishikwa na katibu. Siku hizi, katika vyama vingi, daftari limo ndani ya kompyuta: majina ya wakulima, kilo zilizopimwa, makato ya pembejeo na malipo yanayosubiriwa. Kwa hiyo kompyuta inaposimama ghafla na kioo chake kugeuka buluu, kilichosimama si mashine tu, bali ni malipo ya watu.

Ichukuliwe kwa mfano kwamba ni msimu wa ununuzi. Katibu anaandaa orodha ya malipo. Mara kioo kinageuka buluu, mashine inajizima na kujiwasha, kisha inarudia vile vile. Katibu anaingiwa na hofu. Anamwita fundi kutoka mjini, naye fundi, bila kuuliza swali hata moja, anasema dawa ni "kupiga windo", yaani kufuta kila kitu na kuweka programu upya. Ifikapo jioni kompyuta inawaka kama mpya, lakini orodha ya msimu mzima haimo. Kesho yake wanachama wanafika kudai chao, na neno linalonong'onwa si kwamba kompyuta imeharibika, bali ni kwamba katibu amekula. Huenda katibu huyo hakula hata senti moja. Lakini atathibitishaje?

Ndiyo maana jambo hili linamhusu kila mwanachama, wala si la mafundi peke yao.

Maana ya kioo cha buluu

Windows ndiyo programu kuu inayoendesha kompyuta nyingi za maofisini. Inapokutana na kosa ndani ya kiini chake ambalo haiwezi kulirekebisha, hujisimamisha kwa makusudi ili kosa hilo lisilete madhara zaidi. Ni sawa na karani wa mizani ambaye, akiona mizani imeharibika, husimamisha upimaji badala ya kuendelea kuandika kilo za uongo. Kwa hiyo kioo cha buluu si ugonjwa wenyewe. Ni taarifa ya ugonjwa. Mwaka 2025 kampuni ya Microsoft ilitangaza kwamba katika Windows 11 kioo hicho kitakuwa cheusi. Rangi imebadilika, maana ni ile ile.

Sababu zake ni nyingi, lakini mbili zastahili kuelezwa kwa urefu: draiva na virusi.

Draiva ni programu ndogo inayofanya kazi ya ukalimani kati ya Windows na kifaa, kama vile printa au modemu. Draiva nyingi hufanya kazi ndani ya kiini chenyewe, na hivyo kosa la mkalimani mmoja laweza kuvunja mkutano mzima. Dunia nzima ililiona hilo tarehe 19 Julai 2024. Siku hiyo, saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya CrowdStrike ya Marekani, ambayo kazi yake ni kulinda kompyuta, ilisambaza faili lenye kosa kwa ajili ya programu yake ya ulinzi. Faili hilo liliondolewa baada ya dakika 78, lakini madhara yalikwisha kutokea. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 ziliathirika. Safari za ndege zilifutwa, hospitali na benki zikakwama. Hakikuwa kirusi, mlinzi mwenyewe ndiye aliyekosea. Na dawa iliyotolewa haikuwa kufuta mashine. Ilikuwa ni kuiwasha kompyuta katika hali salama na kuondoa faili moja tu.

Virusi navyo vina kisa chake. Mwezi Februari 2010, Microsoft ilitoa marekebisho ya Windows, na kompyuta kadhaa za Windows XP zikaanza kugeuka buluu. Watu wengi waliyalaumu marekebisho. Uchunguzi ulionyesha kwamba kompyuta hizo zilikuwa zimeingiliwa na kirusi kiitwacho Alureon, kilichojificha ndani ya mfumo wenyewe. Marekebisho yalipobadilisha mpangilio wa kiini, kirusi kilitafuta kitu mahali pake pa zamani, hakikukikuta, na mashine ikaanguka. Mgonjwa alikuwa mgonjwa siku nyingi. Marekebisho yalimfichua tu.

Hatua za kufuata

Kwanza, katibu aandike. Kioo hicho huonyesha jina la kosa, na pengine jina la faili linaloishia na herufi "sys". Yanakiliwe yote, au yapigwe picha kwa simu, pamoja na saa, kazi iliyokuwa ikifanyika, na kitu chochote kilichoongezwa siku za karibuni. Neno DRIVER likionekana, draiva hushukiwa. MEMORY_MANAGEMENT mara nyingi huelekeza kwenye kumbukumbu ya mashine. INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE huelekeza kwenye diski. Hizo ni dalili, si hukumu.

Pili, vichomolewe vifaa vyote vya nje: flashi, printa, modemu. Kisha mashine iwashwe tena.

Tatu, ikiwaka, kazi ya kwanza ni kunakili vitabu vya chama kwenye diski ya nje, kabla ya matengenezo yoyote. Vinakiliwe vitabu tu, si programu, na nakala ichunguzwe kwa antivairasi kabla ya kufunguliwa kwenye mashine nyingine.

Nne, isipowaka, ijaribiwe hali salama. Windows ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, kwa kawaida hufungua yenyewe ukurasa wa matengenezo. Hapo huchaguliwa Troubleshoot, kisha Advanced options, kisha Startup Settings, na baada ya mashine kujiwasha hubonyezwa namba 4. Katika hali hiyo Windows hupakia draiva za lazima tu. Mashine ikitulia humo, kosa yaelekea liko kwenye draiva au programu iliyoongezwa. Basi iondolewe, au draiva irudishwe kwenye toleo lake la awali. Ikianguka hata humo, zichunguzwe kumbukumbu, diski, na feni iliyojaa vumbi.

Tano, virusi vikishukiwa, utumike uchunguzi wa Microsoft Defender unaofanyika kabla Windows haijawaka kikamilifu, kwa sababu kirusi kilichojificha ndani ya mfumo huweza kumdanganya mlinzi aliye ndani ya nyumba ile ile.

Sita, kupiga windo kuwe hatua ya mwisho, baada ya vitabu kuokolewa. Hata mashine isiyowaka kabisa, fundi mzuri aweza kuitoa diski yake na kuisoma kwenye kompyuta nyingine. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, utahitajika ufunguo wenye tarakimu 48. Nao uandikwe leo na uwekwe kwenye sanduku la fedha la chama.

Kinga

Nakala ya vitabu ifanywe kila siku ya ununuzi, nyingine itunzwe nje ya ofisi, na mara kwa mara ijaribiwe kama inafunguka. Kila wiki jumla ya kilo na fedha ichapishwe na kutiwa sahihi na katibu na mjumbe mmoja wa bodi. Flashi iliyopita katika maduka ya kurudufu isiingizwe bila kuchunguzwa. Ikumbukwe pia kwamba msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Ndugu Wanachama, katika mkutano mkuu ujao na liulizwe swali moja jepesi: kompyuta ya chama ikifa usiku huu, orodha ya malipo itatoka wapi kesho? Katibu mwenye jibu atakuwa amewalinda wakulima, na atakuwa amelilinda pia jina lake. Asiye na jibu apewe diski ya nje na muda wa wiki moja, si lawama. Kioo cha buluu ni ajali, na ajali haina kosa. Lakini kukosa nakala si ajali.

Ushirika udumu.