Chumvi Katika Maji na Bakteria Watoao Madini



Wengi wanajua kwamba mawe yenye madini huvunjwa kwa nyundo na kuyeyushwa kwa moto. Ni wachache wanaofahamu kwamba kazi hiyo hufanywa pia na viumbe wasioonekana kwa macho. Mwaka 1947 wataalamu wawili wa Marekani, Colmer na Hinkle, walieleza habari za bakteria waishio katika maji machungu yatokayo kwenye migodi ya makaa ya mawe. Bakteria hao hupata nguvu zao kutokana na chuma na salfa. Katika kazi yao hutokea tindikali na chuma kilichoyeyuka, navyo huyala mawe na kuiachia shaba au kobalti iingie majini.

Afrika Mashariki imeuona ushahidi wake. Kule Kasese, nchini Uganda, kiwanda kilichoanza kazi mwaka 1999 kiliwatumia bakteria hao kutoa kobalti katika pairiti iliyolundikana kutokana na mgodi wa shaba wa Kilembe.

Basi chumvi inaingiaje katika jambo hili? Ni lazima ieleweke kwanza kwamba chumvi zote si sawa. Bakteria huyu huishi katika tindikali kali, lakini ndani ya mwili wake hali ni karibu na ya maji ya kawaida. Hujilinda kwa kuweka chaji chanya ya umeme upande wa ndani wa utando wake, nayo huisukuma tindikali ibaki nje. Salfeti haipenyi utando huo kwa urahisi. Kwa hiyo bakteria huvumilia salfeti nyingi, ingawa ikizidi mno nayo humdhoofisha. Kloridi, iliyomo katika chumvi ya mezani, hupenya. Ikiisha kuingia huivunja ile chaji, mlango hufunguka, na tindikali humfuata bakteria nyumbani kwake. Hupunguza kazi, hatimaye hufa.

Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi katika kila lita, na gramu 19 hivi kati ya hizo ni kloridi. Kiasi hicho huwazidi nguvu bakteria wengi wa kazi hii. Ndiyo sababu kaskazini ya Chile, penye jangwa na uhaba wa maji baridi, wataalamu wamejishughulisha kutafuta bakteria wanaostahimili chumvi. Wapo wa namna hiyo. Baadhi yao walipatikana katika kisiwa cha Vulcano, Italia.

Yapo mambo mengine mawili ya kuangaliwa. Kwanza, maji yanayozungushwa tena na tena hulimbikiza chumvi, hata kama yalikuwa safi siku ya kwanza. Pili, bakteria hulishwa mbolea kama mimea. Salfeti ya amonia, ambayo wakulima wanaifahamu, hufaa. Lakini mbolea ya kloridi ya potasiamu huleta sumu ileile. Na hata iliyo nzuri isizidi kipimo, kwa maana amonia na potasiamu hushikamana na chuma na kufanya ukoko wa manjano unaofunika mawe.

Wanachama walio wakulima wasidhani kwamba habari hizi ni za wachimbaji peke yao. Bakteria hawa hawangoji kuajiriwa. Kabla ya kiwanda kile kujengwa, mvua iliisomba pairiti ya Kasese ikaacha ardhi tupu isiyoota majani kuelekea Hifadhi ya Queen Elizabeth. Wala dawa yake si kumwaga chumvi ili bakteria wafe, kwani chumvi nayo huua shamba. Dawa ni kulifunika lundo lisipate hewa na maji, na kuipunguza tindikali kwa chokaa.

Kwa hiyo chama chochote kitakachoshauriwa kuingia katika kazi hii, au kitakachopakana nayo, kidai kwanza vipimo vya maji: kloridi ni kiasi gani yaingiapo, na tindikali ni kiasi gani yatokapo. Swali hilo liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na jibu lake lisomwe mbele ya wanachama kabla mkataba haujatiwa sahihi.