Mtu wa Mstari wa Mbele

Kalamu ziwekeni kando kwanza, msikilize. Jioni hii nitawasimulia habari za Dexter Manley, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1959 katika mji wa Houston, Texas.

Kazi yake ilikuwa kucheza mpira, lakini si mpira huu wetu wa miguu. Mpira wa Kimarekani umechongoka pande mbili, nao huchukuliwa mikononi. Kila timu ina watu 11 uwanjani. Wenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10; wakishindwa, mpira huenda kwa wenzao. Katikati hupangwa watu wazito, uso kwa uso. Hao ndio watu wa mstari. Mchezo ukianza husukumana kama mafahali. Watazamaji humwangalia anayekimbia na mpira au anayeutupa. Watu wa mstari hawaangaliwi sana, ingawa pasipo wao hakuna mchezo.

Manley alisimama mwisho wa mstari, upande wa ulinzi. Ilimpasa kumpita mtu wa mbele yake, amfikie mtupaji, amwangushe kabla hajautupa mpira. Alikuwa na futi 6 na inchi 3, na uzito wake ulipita ratili 250. Timu ya Washington ilimchukua mwaka 1981. Mwaka 1986 aliwaangusha watupaji mara 18 na nusu. (Msishangae hiyo nusu: watu wawili wakimwangusha mtupaji pamoja, kila mmoja huandikiwa nusu.) Timu yake ilishinda fainali kubwa, iitwayo Super Bowl, Januari 1983 na tena Januari 1988.

Basi, mtu huyu hakujua kusoma. Alipita shule, akakaa miaka minne katika Chuo Kikuu cha Oklahoma State, na kusoma kwake kulikuwa kama kwa mtoto wa darasa la pili. Hakuwa mjinga. Tangu utoto alikuwa na taabu ya kujifunza, na taabu hiyo haikutibiwa. Nguvu zake zilitakiwa uwanjani, kwa hiyo alipitishwa tu. Mimi naona kumpitisha hivyo kulikuwa dhuluma, ijapokuwa kulionekana kama wema.

Aliificha siri yake miaka mingi. Baadhi yenu mnazijua hila hizo: miwani imesahauliwa nyumbani; au, “Nisomee wewe, ndugu, macho yananiuma.” Siri ya namna hiyo huchosha kuliko kusukumana na mtu wa ratili 280.

Tarehe 18 Novemba 1985, usiku, mwenzake Joe Theismann, mtupaji wa Washington, alivunjika mguu vibaya uwanjani. Hakucheza tena maisha yake yote. Manley aliona. Akajiuliza: mguu huu ungekuwa wangu, ningefanya kazi gani kesho? Akaenda kutafuta msaada katika shule moja mjini Washington, iitwayo Lab School, akaanza kujifunza kusoma. Mtu aliyeshangiliwa na maelfu alikaa na mwalimu, akarudi kwenye herufi na sauti zake.

Mei 1989 aliitwa mbele ya kamati ya Seneti, baraza la juu la Bunge la Marekani, iliyokuwa ikichunguza habari za watu wazima wasiojua kusoma. Alisema wazi yaliyompata. Alilia mbele yao.

Sitawaficha mengine. Mwaka huo huo alifungiwa na ligi kwa sababu ya madawa ya kulevya. Baadaye alicheza Phoenix na Tampa Bay, na katika miaka ya 1990 alifungwa jela kwa ajili ya madawa hayo hayo. Kusoma hakukumponya ugonjwa huo. Ulihitaji tiba yake mwenyewe, nayo ilichukua miaka mingi.

Sasa chukueni kalamu. Andikeni maneno haya matatu, polepole: mstari, mguu, siri. Kisha kila mmoja aandike sentensi moja juu ya neno alipendalo. Mwalimu wenu atapita kuzitazama.